Milinganyo yenye x kwenye asili: kwa nini unapata majibu mawili na kitabu kina moja

Ndugu mleta mada, umeuliza mambo mawili. Kwanza, kwa nini mlinganyo x/(x−3) − 2/(x+1) = 8/(x²−2x−3) unakupa majibu mawili wakati kitabu kina moja. Pili, upate wapi msaada, maana kila unayemuuliza anakuandikia jibu na kuondoka. Nianze na hesabu yenyewe, kwa sababu hiyo moja imebeba karibu matatizo yote ya mada hii.

Kabla hujazidisha chochote, tafuta vigawo vya kila asili, yaani kile kilicho chini ya mstari wa sehemu. Hapa x²−2x−3 ni (x−3)(x+1). Kumbe asili ni tatu lakini vigawo ni viwili tu. Hapohapo andika pembeni: x ≠ 3, x ≠ −1. Hizo ndizo thamani zinazofanya asili iwe sifuri, na kugawanya kwa sifuri hakuna maana. Ziandike mapema, usingoje mwisho, kwa sababu ukishazidisha asili zinatoweka na hakuna kitakachokukumbusha tena.

KDS (kigawe kidogo cha shirika) ya asili hizo ni (x−3)(x+1). Ukizidisha asili zote tatu kwa pamoja hujakosea kanuni, lakini utajikuta na x ya kipeo cha nne na majibu ya uongo mengi zaidi ya kuchuja. Tumia KDS, zidisha kila sehemu:

x(x+1) − 2(x−3) = 8
x² + x − 2x + 6 = 8
x² − x − 2 = 0
(x−2)(x+1) = 0

Unapata x = 2 au x = −1. Angalia pembeni: −1 imekatazwa, inatupwa. Linabaki 2. Lihakiki kwenye mlinganyo wa mwanzo kabisa, usilihakiki kwenye mstari wa katikati: kushoto 2/(−1) − 2/3 = −8/3; kulia 8/(4−4−3) = −8/3. Limekubali.

Hiyo −1 imetoka wapi kama hakuna ulipokosea? Imetoka kwenye kuzidisha. Ulizidisha pande zote mbili kwa (x−3)(x+1), na x ikiwa −1 hicho ni sifuri. Ukizidisha pande mbili kwa sifuri, hata uongo kama 5 = 9 unageuka 0 = 0. Kwa hiyo mlinganyo mpya unaweza kukubali thamani ambazo ule wa mwanzo haukuzikubali kamwe. Ndiyo maana kuhakiki katika mada hii ni sehemu ya ukokotoaji wenyewe.

Wakati mwingine hakuna jibu hata moja linalobaki. Jaribu 3/(x−2) + 2/(x+2) = 12/(x²−4). Ukizidisha kwa (x−2)(x+2) unapata 3x + 6 + 2x − 4 = 12, yaani x = 2, na 2 imekatazwa. Andika "hakuna jibu" kwa kujiamini. Usianze kurudia hesabu ukidhani umekosea.

Sasa makosa ninayoyaona mara nyingi kwenye kazi za wanafunzi.

La kwanza ni alama ya kutoa mbele ya sehemu. Katika mfano wetu, −2(x−3) ni −2x + 6. Ukiandika −2x − 6 unaishia na x² − x − 14 = 0, ambayo haina vigawo vya namba kamili. Ukiona vigawo vinagoma kwenye zoezi la kawaida, rudi kwanza kwenye alama za kutoa kabla hujakimbilia kanuni ya jumla ya milinganyo ya kipeo cha pili. Dawa ni kuzungushia mabano kila kifungu chenye zaidi ya namba moja, kama x−3, wakati wa kuzidisha, na kuyafungua kwenye mstari unaofuata.

La pili ni kuisahau namba isiyo na asili. Kwenye 6/x + 1 = 4, wengi huandika 6 + 1 = 4x. Ile 1 nayo lazima izidishwe kwa x: 6 + x = 4x, x = 2. Kosa hilihili huwapata wanaozidisha kimshazari (juu ya upande mmoja kwa chini ya upande wa pili) kila mahali. Njia ile inafaa pale tu kila upande ukiwa na sehemu moja. Palipo na kujumlisha au kutoa katikati, tumia KDS.

La tatu ni kukata vitu visivyokatika. Kwenye (x+6)/(x+2) huwezi kukata x ukabaki na 6/2. Weka x = 1 uone: 7/3, wala si 3. Kinachokatwa ni kigawo kinachozidisha kiasi chote (kile cha juu) na asili yote.

La nne halionekani kwa urahisi: kugawanya pande zote kwa x. Chukua x/(x+1) = 3x/(x+5). Ukigawanya kwa x unapata x = 1 tu, na umepoteza jibu la x = 0, ambalo ni halali kabisa. Lete kila kitu upande mmoja, 2x² − 2x = 0, kisha 2x(x−1) = 0. Kuzidisha kunaweza kukuongezea jibu la uongo, kugawanya kunaweza kukunyang'anya la kweli.

Na ukikutana na x−4 chini ya sehemu moja na 4−x chini ya nyingine, usizichukue kama asili mbili tofauti. 4−x ni −(x−4). Hivyo 5/(x−4) − 1/(4−x) = 2 ni 6/(x−4) = 2, na x = 7.

Mafumbo ya maneno yana chujio la ziada. Bomba moja linajaza tangi kwa saa x, la pili linachukua saa 5 zaidi, yote mawili pamoja saa 6: 1/x + 1/(x+5) = 1/6. Inakuja x² − 7x − 30 = 0, yaani x = 10 au −3. Asili haijaikataza −3, ila saa haziwezi kuwa chini ya sifuri.

Kuhusu msaada. Usipeleke swali tupu. Peleka mistari yako yote, pamoja na ile unayoishuku. Na kabla ya kuipeleka, fanya hivi: chukua jibu la kitabu uliweke kwenye kila mstari wako, kuanzia juu. Jibu sahihi lazima likubali kila mstari. Kwa yule aliyekosea alama, x = 2 kwenye x(x+1) − 2(x−3) = 8 inatoa 6 + 2 = 8, sawa. Kwenye mstari wake unaofuata, x² − x − 6 = 8, inatoa −4 = 8. Kosa liko kati ya mistari hiyo miwili, na sasa una swali dogo la kumuuliza mwalimu au mwenzako. Atakayekujibu hana tena sababu ya kukufanyia hesabu nzima.

Ukiandika kwa simu au kompyuta, mabano ni lazima. 8/x²−2x−3 inasomeka kama 8/x², kisha toa 2x, kisha toa 3. Andika 8/(x²−2x−3). Mtu akikujibu swali ambalo hukuuliza, kagua mabano yako kwanza.

GeoGebra, programu ya kuchora grafu, nayo ni msaada mzuri wa kuhakiki. Hamishia kila kitu kushoto na uchore y = x/(x−3) − 2/(x+1) − 8/((x−3)(x+1)). Mchoro unakata mstari wa x kwenye 2 peke yake. Kwenye 3 unakatika na kupaa. Kwenye −1 unaonekana kama umepita salama, kwenye kimo cha 0.75, lakini pale pana tundu moja dogo lisiloonekana kwa macho. Ukitafuta thamani ya y kwenye −1, programu itakuambia haipo.