Choronge moja, RQD mbili

SWALI: Shikamoo mhandisi. Niko mwaka wa tatu, nafanya mafunzo kwa vitendo kwenye mgodi wa dhahabu Kanda ya Ziwa. Juzi mimi na mwenzangu tulipewa choronge (mche wa mwamba uliotolewa ardhini kwa mashine) ya kuanzia mita 60 hadi 63, kila mtu apime RQD kivyake, yaani asilimia ya urefu iliyo kwenye vipande vizima vya sm 10 au zaidi. Mimi nimepata asilimia 43, yeye 78. Vipande vilivyofika sm 10 kwangu ni vitano: 42, 31, 26, 18 na 12. Hicho cha 18 ni laini, ukikikwaruza kwa kucha kinatoka unga wa kijani. Vidogo vya sm 5 hadi 9 viko kumi na vinne, jumla sm 105. Mwenzangu kaviunganisha, anadai vimevunjwa na wachorongaji kwa kuwa nyuso zake ni safi na ukivirudishia vinashikana. Zilizobaki ni chengachenga. Choronge yote iliyotoka ni mita 2.90. Nigawanye kwa 2.90 au kwa 3? Na nani kakosea?

JIBU: Marahaba. Mmekosea wote wawili, ila wewe zaidi.

Kugawanya ni kwa 3, urefu uliochorongwa, si urefu uliotoka. Zile sm 10 ambazo hazikupanda juu hazikupotea bure. Mara nyingi ndizo mwamba uliooza kuliko wote, maji ya kuchorongea yameusomba. Ukigawanya kwa 2.90 unausifia mwamba kwa sehemu yake mbovu ambayo hukuiona.

Sasa hivyo vidogo. RQD, tangu Don Deere alipoileta miaka ya 1960, inauliza mwamba ulikuwaje kabla hatujaugusa. Mvunjiko uliotokana na mashine, nyundo ya kutolea choronge kwenye bomba, au mtu aliyekata kipande ili kienee kwenye boksi, hauhesabiwi. Unaunganisha, unapima kwa katikati ya choronge, unaendelea. Mpasuko wa asili utaujua kwa alama zake za miaka mingi: kutu, utando mweupe wa kalsaiti, ukijani wa kloriti, au mikwaruzo ya mwamba ulioteleza. Mvunjiko wa jana ni mkavu, chembe zinang'aa, na pande mbili zinaingiana kama kikombe kilichopasuka. Kwa maelezo yako, mwenzako yuko sahihi hapo. Ila ukikaa dakika tano unageuzageuza kipande na bado unasita, uhesabu kuwa ni wa asili. Ni afadhali kuutilia mwamba shaka.

Alipoteleza yeye ni kile cha sm 18. Urefu kinao, uzima hakina. Kipande kinachotoka unga kwa kucha hakiingii kwenye jumla hata kingekuwa nusu mita. Kwa hiyo: 129 jumlisha 105 ni 234, toa 18, inabaki 216. Gawanya kwa 300, unapata asilimia 72.

Tazama sasa: 43 ni mwamba dhaifu, 72 ni wa wastani, 78 ni mzuri. Madaraja matatu kwa choronge moja! Namba hiyo inaingia kwenye RMR ya Bieniawski na kwenye mfumo wa Q, njia mbili za kupanga ubora wa mwamba, na huko ndiko wanakoamua bolti za kushikilia mwamba zikae umbali gani na kama wavu unahitajika. Huo unga wa kijani uandike peke yake, na kina chake, hata kama hesabu imeutupa. Mimi ningeuogopa kuliko asilimia yoyote, maana handaki likikatiza hapo paa linaweza kukatikia kwenye sehemu hiyohiyo laini.

Usiiamini RQD kupita kiasi, lakini. Mwamba wenye mipasuko kila sm 9 unapata sifuri, wa kila sm 11 unapata mia, na kwa macho huwezi kuwatofautisha. Shimo likichorongwa sambamba na mipasuko linaikwepa, unaandika 95 na mwamba umejaa nyufa. Ndiyo maana uhesabu pia mipasuko kwa kila mita na uandike inakata choronge kwa pembe gani.

Mimi nikiwa mdogo kama wewe nilipima maboksi yaliyosafiri nyuma ya pikapu kilomita arobaini za barabara ya vumbi. Mwamba niliouita dhaifu ulikuwa mzima kabisa, barabara ndiyo ilikuwa dhaifu. Omba uende kwenye mashine yenyewe, upime choronge ikingali kwenye nusu bomba (bomba la ndani la mashine linalofunguka pande mbili), kabla haijaingia kwenye boksi. Nenda na kalamu ya nta, na uwaombe wachorongaji kila wanapovunja kwa mkono waweke alama ya X pande zote mbili. Ukiwasalimia vizuri asubuhi, wataweka.