Meseji ya hospitali imeandika 08:00: tufike saa ngapi?

SWALI: Shikamoo Mama Muuguzi. Mama yangu ana miaka 67, ana kisukari, anahudhuria kliniki. Hospitali tunayokwenda siku hizi wagonjwa wa nje tunajiandikisha kwa mtandao. Nilimwandikisha kwa simu yangu, meseji ikaja: "08:00, aje bila kula." Nikamsomea mama, akasema basi ni saa nane, na mimi nikakubali. Tukatoka Pongwe mchana, daladala imejaa. Tunafika, mama anatetemeka, jasho linamtiririka. Dirishani tukaambiwa muda umepita, tujiandikishe upya. Tuachane na mtandao, turudi kwenye foleni?
Binti wa Pongwe, Tanga

JIBU: Marahaba mwanangu. Poleni sana, na mama mpe pole yangu.

Nianze na lililonishtua. Kutetemeka na kutokwa jasho kwa mgonjwa wa kisukari mwenye njaa ni dalili za sukari kushuka. Hapo usingoje dirisha. Mpe nusu glasi ya juisi, au vijiko vitatu vinne vya chai vya sukari kwenye maji, kisha mwite muuguzi yeyote ampime. Kipimo kitarudiwa siku nyingine. Na kwa kipimo cha kufunga, akila saa 2 usiku, saa 2 asubuhi ameshatimiza masaa 12. Hakuna haja ya kuvuka hapo. Vidonge au sindano ya asubuhi hiyo, muulizeni daktari mapema, maana baadhi ya dawa hizo tumbo likiwa tupu huishusha sukari zaidi.

Sasa hiyo saa. Kompyuta huhesabu tangu usiku wa manane, sisi tunahesabu tangu kupambazuka. Toa sita: 08:00 ni saa 2 asubuhi, saa 8 mchana ni 14:00. Mama yako hakukosea. Aliyetunga meseji ndiye aliyemsahau msomaji wake, na kwa mgonjwa aliyeambiwa asile, masaa 6 ya ziada ni hatari. Andika hayo kwenye sanduku la maoni, sentensi moja tu: tuandikieni "saa 2 asubuhi".

Mtandao msiuache. Nimefanya kazi miaka mingi nikiwaona wazee wamekaa kwenye benchi la zege tangu saa 10 alfajiri, kadi zao zimepangwa sakafuni kushika nafasi, umande unawapiga. Sitaki mama arudi huko. Ila na wenye simu za tochi lazima waachiwe dirisha lao. Mzee asiye na mtoto wa kumwandikisha naye ni mgonjwa.

Safari hii ulizeni kwanza dirisha la wazee, huenda wakampangia tarehe ya karibu. Ikitoka, iandike kwa kalamu kwenye daftari lake la kliniki, na saa uiandike kwa maneno: saa mbili asubuhi.