Je, Maneno ya Mshiriki Mmoja Yanatosha Kumtia Hatiani Anayedaiwa Kukodi Wauaji?

SWALI: Wakili, mimi ni mkazi wa Kasarani, Nairobi. Mfanyabiashara mmoja wa mtaa wetu aliuawa kwa kupigwa risasi langoni kwake, na polisi wamewakamata watu kadhaa. Mmoja wao, mwendeshaji wa bodaboda, anaonekana katika video inayosambaa akisema kwamba jamaa wa marehemu ndiye aliyewalipa kufanya kitendo hicho. Katika kundi letu la WhatsApp wakazi tumegawanyika. Wapo wanaosema kesi imekwisha kwa kuwa mmoja amekiri, na wapo wanaosema maneno ya mhalifu hayana uzito wowote. Tumesikia pia kwamba huenda akageuzwa kuwa shahidi wa serikali na kuachiliwa. Sheria inasemaje, na je, tunaivunja tunapolijadili jambo hili?

JIBU: Poleni sana kwa msiba huo. Nitajibu kwa kueleza sheria ya Kenya ilivyo, nami sitasema lolote kuhusu nani alifanya nini, kwa kuwa hilo ni la jaji atakayesikiliza kesi.

Pande zote mbili za kundi lenu zimekosea. Wanaosema kwamba maneno ya mshiriki hayana uzito wanapingwa na kifungu cha 141 cha Sheria ya Ushahidi, Sura ya 80, kinachotamka kwamba mshiriki wa uhalifu anaweza kutoa ushahidi dhidi ya mshtakiwa, na kwamba hukumu haiwi batili kwa sababu tu imetegemea ushahidi wake usioungwa mkono na mwingine. Wanaosema kwamba kesi imekwisha nao hawajazingatia namna mahakama zetu zinavyoushughulikia ushahidi wa aina hiyo, na zaidi ya yote hawajajiuliza kama kilichomo katika video hiyo ni ushahidi hata kidogo.

Tuanze na video. Kifungu cha 25A cha sheria hiyohiyo kinasema kwamba kukiri kosa hakukubaliki dhidi ya mshtakiwa isipokuwa kama alikiri mahakamani mbele ya jaji au hakimu, au mbele ya ofisa wa polisi mwenye cheo kisichopungua chifu inspekta, ambaye si mpelelezi wa kesi hiyo, na papo hapo awepo mtu wa tatu aliyechaguliwa na mshukiwa mwenyewe. Masharti hayo yaliwekwa kwa sababu nchi hii ilishuhudia kwa miaka mingi watu wakikiri katika vyumba vya polisi makosa ambayo hawakuyafanya. Katiba ya 2010 inayatia nguvu: Ibara ya 49 inamlinda aliyekamatwa asilazimishwe kukiri, na Ibara ya 50(4) inaagiza ushahidi uliopatikana kwa kukiuka haki uondolewe iwapo kuukubali kutaifanya kesi isiwe ya haki au kutaathiri utoaji wa haki kwa namna nyingine. Mtu aliyefungwa pingu akijibu maswali mbele ya simu ya asiyejulikana hajatimiza hata sharti moja kati ya hayo. Kisheria, mlichokitazama si ungamo.

Tuchukulie sasa kwamba ungamo limeandikwa kwa kufuata taratibu zote. Je, linamfunga yule jamaa wa marehemu? Kifungu cha 32 cha Sheria ya Ushahidi kinairuhusu mahakama, pale washtakiwa wanaposhtakiwa pamoja kwa kosa lilelile, kulizingatia ungamo la mmoja linalomtaja yeye mwenyewe na mwenzake. Hata hivyo, kwa miongo mingi mahakama za Afrika Mashariki zimelitafsiri neno hilo “kulizingatia” kwa tahadhari kubwa. Ungamo la mshtakiwa mmoja haliwezi kuwa msingi wa kumtia mwenzake hatiani. Linaweza tu kuuongezea nguvu ushahidi mwingine ambao tayari unakaribia sana kumtia mwenzake huyo hatiani. Sababu yake ni kwamba aliyekiri ana haki ya kunyamaza, na akinyamaza kizimbani, mwenzake aliyetajwa hapati nafasi ya kumhoji.

Baadhi ya wasomaji wenye ujuzi watakitaja kifungu cha 10, kinachohusu maneno ya waliokula njama pamoja. Kifungu hicho kina nguvu kweli, kwa kuwa chochote alichosema au kuandika mmoja wao kuhusu lengo lao la pamoja ni ushahidi dhidi ya wote, lakini kinahusu maneno yaliyosemwa wakati njama ingali hai. Ujumbe wa simu wa kupanga siku na mahali unaingia humo. Maelezo ambayo mshukiwa anawapa wapelelezi baada ya kukamatwa hayaingii, kwa kuwa wakati huo njama imekwisha na kila mtu anajitetea nafsi yake.

Mfano ulio wazi ni kesi ya mauaji ya wakili Willie Kimani, mteja wake Josephat Mwenda na dereva wa teksi Joseph Muiruri, waliotekwa tarehe 23 Juni 2016 walipokuwa wakitoka katika mahakama ya Mavoko. Mdokezi wa polisi aliyekuwa miongoni mwa washtakiwa alikuwa ameandikisha ungamo, kisha akalikana. Jaji Jessie Lesiit alilazimika kuendesha kesi ndani ya kesi ili kuamua kama lilitolewa kwa hiari, na hatimaye akalikubali. Tarehe 22 Julai 2022 aliwatia hatiani maofisa watatu wa polisi pamoja na mdokezi huyo, na akamwachilia ofisa wa nne. Tafadhali lisomeni jambo hilo kwa makini: kulikuwa na ungamo lililokubaliwa na mahakama, na bado mshtakiwa mmoja alikwenda nyumbani huru, kwa sababu ushahidi dhidi ya kila mmoja ulipimwa peke yake.

Kuhusu kugeuzwa shahidi wa serikali, zipo njia mbili ambazo watu huzichanganya. Ya kwanza ni Mkurugenzi wa Mashtaka ya Umma kutomshtaki mshiriki, au kumwondolea mashtaka, ili aje kutoa ushahidi. Kama tayari ameshtakiwa, Ibara ya 157(8) ya Katiba inamzuia Mkurugenzi kusitisha mashtaka bila idhini ya mahakama. Tena, mashtaka yakiondolewa chini ya kifungu cha 87(a) cha Sheria ya Utaratibu wa Kesi za Jinai kabla mshtakiwa hajaitwa kujitetea, anaweza kushtakiwa upya. Huko si kusafishwa kosa. Njia ya pili ni makubaliano ya kukiri kosa, yaliyoingizwa katika sheria hiyo mwaka 2008 kuanzia kifungu cha 137A. Makubaliano hayo huwekwa katika maandishi, jaji huhakikisha kwamba mshtakiwa ameyaelewa na hakushurutishwa, naye jaji anaweza kuyakataa. Anayefuata njia hii anatiwa hatiani na kuadhibiwa, ingawa huenda ikawa kwa kosa dogo kuliko lile la kwanza.

Watu wa mtaani huwauliza mawakili kwa uchungu: inawezekanaje aliyemwendesha muuaji apewe nafuu? Uchungu huo nauelewa. Lakini mauaji ya kukodi hupangwa ili mwenye fedha asionekane popote karibu na damu. Mara nyingi anayeijua safari yote ya fedha, kutoka mkono wa kwanza hadi wa mwisho, ni mtu ambaye mwenyewe ana hatia. Serikali isipomsikiliza huyo, huenda ikawafunga waliovuta kifyatuzi pekee, na aliyewatuma akahudhuria mazishi. Naye aliyewatuma, kama itathibitishwa, hahesabiwi kuwa mhalifu wa daraja la pili. Kifungu cha 20 cha Kanuni ya Adhabu kinamfanya mtu anayemshawishi au kumpata mwingine atende kosa kuwa mtendaji mkuu wa kosa hilo, hivyo atashtakiwa kwa mauaji chini ya kifungu cha 203 kana kwamba yeye ndiye aliyeishika bunduki.

Hata hivyo, shahidi wa namna hii anapopanda kizimbani anaingia akiwa na mzigo. Ana sababu ya kusema uongo, kwa kuwa anaokoa shingo yake. Ana uwezo wa kusema uongo unaofanana na kweli, kwa kuwa analijua tukio lote na anachohitaji ni kubadilisha jina moja tu. Ndiyo maana Mahakama ya Rufaa hufuata hatua mbili. Kwanza jaji hujiuliza kama shahidi huyu anaaminika hata kidogo. Asipoaminika, safari inaishia hapo, kwa sababu ushahidi mwingine hauwezi kuufufua uongo. Akionekana kuaminika, jaji hutafuta ushahidi huru wa kumuunga mkono, na kama haupo hujionya waziwazi juu ya hatari ya kumtia mtu hatiani bila huo. Kipimo cha ushahidi huo ni cha kale, kilichowekwa Uingereza katika kesi ya Baskerville mwaka 1916 na kufuatwa huku kwetu: lazima utoke kwa mwingine, na uonyeshe si tu kwamba kosa lilitendeka bali pia kwamba mshtakiwa huyu alihusika.

Sehemu hiyo ya mwisho ndiyo inayowaangusha viongozi wengi wa mashtaka. Shahidi akisema bunduki ilitupwa mtoni na ikapatikana mtoni, hilo linathibitisha kwamba yeye alikuwepo. Halimgusi anayedaiwa kulipa. Akisema alipokea fedha kupitia M-Pesa siku mbili kabla ya tukio, na rekodi zikaonyesha kwamba zilitoka katika namba iliyosajiliwa kwa jina la mshtakiwa, hapo tumefika. Vivyo hivyo kwa orodha ya simu zilizopigwa kati yao, hasa kama watu hao hawakuwa na sababu nyingine ya kuwasiliana, na kwa kumbukumbu za minara ya simu zinazoonyesha kwamba walikuwa eneo moja saa ile shahidi anayodai walikutana. Rekodi hizo nazo zinahitaji cheti chini ya kifungu cha 106B cha Sheria ya Ushahidi, na upande wa mashtaka usipokiwasilisha huenda zikakataliwa. Kwa kawaida, mshiriki wa pili akisimulia hadithi ileile hahesabiwi kuwa ushahidi huru wa kumuunga mkono wa kwanza.

Sasa nije kwenye mjadala wenu. Kenya haina baraza la wananchi wanaoamua hatia, kama ilivyo Marekani, na hata wazee wa baraza waliomshauri jaji waliondolewa mwaka 2007. Kesi ya mauaji husikilizwa na jaji wa Mahakama Kuu peke yake, naye amefunzwa kuamua kwa kilicho mbele yake tu. Kwa hiyo hofu yangu kubwa si kwamba jaji wa mahakama ya Milimani atasoma ujumbe wenu. Hofu yangu ni kwa mashahidi.

Chukueni mlinzi wa lango aliyewaona wauaji. Atatakiwa kuwatambua katika gwaride la utambulisho, akiwa amepangiwa watu wasiopungua wanane wanaofanana na mshukiwa kwa umri na umbo. Kama picha ya mshukiwa imekaa katika simu yake kwa wiki nzima, wakili wa utetezi atamwuliza swali moja tu, na gwaride lote litaanguka. Au mchukueni huyo mwendeshaji wa bodaboda mwenyewe. Kifungu cha 163 cha Sheria ya Ushahidi kinamruhusu wakili kumvunjia shahidi uaminifu kwa kuonyesha kauli zake za awali zinazopingana na ushahidi wake, ziwe za maandishi au za mdomo. Katika kila video anayotoa, kila mahojiano na kila ujumbe wa sauti, kutakuwa na tofauti ndogo ya siku, kiasi cha fedha au jina, na tofauti hizo zitahifadhiwa hadi siku ya kumhoji. Wanaozisambaza kwa nia ya kutafuta haki ndio wanaoutia silaha mikononi upande wa utetezi.

Kuhusu sheria yenyewe, kuijadili kesi si kosa, na kesi za jinai husikilizwa hadharani kwa sababu ni za wananchi. Mnaweza kueleza kilichotokea mahakamani, kuuliza kwa nini upelelezi unachelewa, na kudai kwamba familia isikilizwe. Lakini kifungu cha 121 cha Kanuni ya Adhabu kinafanya kuwa kosa, wakati shauri linaendelea, kutumia maneno au maandishi yanayolipotosha shauri hilo au yanayoweza kuchochea chuki au upendeleo kwa mhusika wake. Kumwandika jamaa huyo kuwa “muuaji” kabla ya hukumu kunaweza kumwingiza mwandishi humo, mbali na kesi ya madai ya kuchafuliwa jina. Jambo zito zaidi ni kutaja mahali anapoishi shahidi au shule ya watoto wake. Sheria ya Ulinzi wa Mashahidi ya 2006 ilitungwa kwa sababu mashahidi wanaweza kuuawa, na mtu anayedaiwa kulipia kifo kimoja anaweza kudaiwa kulipia cha pili.

Familia ya marehemu nayo isibaki kusubiri habari kutoka simu za majirani. Sheria ya Ulinzi wa Waathiriwa ya 2014 inawapa nafasi ya kusikilizwa, na Mahakama ya Juu ilithibitisha mwaka 2020, katika kesi ya Waswa, kwamba waathiriwa wanaweza kushiriki katika kesi ya jinai kupitia wakili wao kwa kiwango atakachoruhusu jaji. Waandike wakili mapema.

Na kama yupo mkazi aliye na picha za kamera za usalama za usiku ule, asizikate wala kuzituma kundini. Kifaa chenyewe kikabidhiwe kwa wapelelezi kikiwa na picha halisi, aandikishe taarifa, na abaki na maandishi yanayoonyesha jina na namba ya ofisa aliyekipokea, pamoja na tarehe na saa.