Redio Nne, Moto Mmoja: Je, Vifaa Vipya Vitaleta Uelewano?

SWALI: Mimi ni afisa wa usalama katika ghala moja la Shimanzi. Katika zoezi letu la moto walifika zimamoto wa kaunti, polisi, wahudumu wa ambulensi na walinzi wa kampuni jirani. Kila kundi lilikuwa na redio zake na hakuna aliyemsikia mwenzake. Mkurugenzi wetu anataka tununue redio za kisasa za dijitali. Je, shida itakwisha? — Msomaji, Mombasa

JIBU: La, ndugu msomaji, na huenda ikazidi. Redio mbili husikilizana ikiwa tu zinatumia masafa yale yale ya mawimbi, mtindo ule ule wa kupeleka sauti na, pale ambapo mazungumzo yamefungwa kwa siri, ufunguo ule ule. Redio ya VHF inayofanya kazi kati ya megahezi 136 na 174 haipati lolote linalosemwa kwenye UHF ya megahezi 400 na zaidi. Hata za dijitali zina mitindo mbalimbali: ya mtindo wa DMR haielewani na ya mtindo wa TETRA. Na ya analogi ikikutana na ya dijitali husikika mkwaruzo mtupu. Isitoshe, masafa hutolewa kwa leseni na Mamlaka ya Mawasiliano ya Kenya, kwa hiyo huwezi kuingia kwenye chaneli ya polisi eti kwa sababu umenunua chombo kinachoweza kuifikia. Mabaharia wametutangulia katika hili: vyombo vyao husikiliza chaneli ya 16 ya VHF, yaani megahezi 156.8, na nahodha wa meli ya mizigo anaweza kuzungumza hapo na boti ya uokoaji asiyoijua kabisa. Nchi kavu hakuna makubaliano ya dunia nzima ya namna hiyo.

Lakini tuseme redio zote zingesikilizana. Watu arobaini kwenye chaneli moja wangekatizana maneno, na yule aliyenaswa ndani ya moshi asingepata nafasi ya kuomba msaada. Ndiyo maana mfumo wa uongozi wa matukio, uliobuniwa Marekani baada ya mioto mikubwa ya California ya mwaka 1970, hauwachanganyi wote pamoja. Kila kundi hubaki kwenye chaneli yake, na viongozi wao husimama mahali pamoja, uso kwa uso, kila mmoja na redio yake mkononi. Mfumo huo hudai pia maneno ya kawaida badala ya misimbo ya namba, kwani namba moja inaweza kumaanisha jambo moja kwa polisi na jingine kwa wahudumu wa ambulensi. Kwa maoni yangu, meza moja na viongozi wanne walioizunguka vina faida kuliko shehena ya redio mpya, ingawa najua meza haivutii kwenye bajeti.

Hapa kwetu meza hiyo ina sababu ya kisheria pia. Jedwali la Nne la Katiba ya mwaka 2010 limezipa kaunti huduma za zimamoto na usimamizi wa majanga, hali polisi wako chini ya serikali ya kitaifa. Mkuu wa zimamoto hamwamrishi mkuu wa kituo cha polisi, wala huyu hamwamrishi yule. Lazima wakubaliane, na ni heri wakubaliane kabla ya moto. Kumbukeni tukio la kivuko cha Likoni la tarehe 29 Septemba 2019, gari lilipotumbukia baharini kutoka kwenye feri na kuopolewa tarehe 11 Oktoba. Wanamaji na wapiga mbizi wa kiraia walitafuta katika mkondo ule ule ambao feri huukata na meli huupitia kuingia bandari ya Kilindini. Mahali kama hapo, kumshusha mpiga mbizi ni jambo la kukubaliana na kila anayeendesha chombo.

Kwa ghala lenu, andikeni mpango wa ukurasa mmoja: nani anapiga simu 999 kwa polisi, nani anawapigia zimamoto, nani anapiga 1199 kwa Msalaba Mwekundu, na nani anawapokea langoni akiwa na orodha ya bidhaa zilizohifadhiwa, ramani ya mabomba ya maji na idadi ya waliokuwa zamu. Wekeni langoni redio chache zenu zilizojaa chaji, ili kila kiongozi anayeingia akabidhiwe moja ya kuzungumza na watu wenu wa ndani. Huo ndio uunganishaji rahisi kuliko wote. Teueni vituo viwili vya viongozi, kwa sababu wakati wa kusi moshi utaelekea kaskazini na wakati wa kaskazi utageukia kusini, na kituo kinapaswa kuwa upande wa joshi, yaani upepo unakotoka, nyakati zote. Msitegemee simu za mkononi peke yake: tukio likiwa kubwa, kila mtu mtaani hupiga kwa wakati mmoja na mtandao hulemewa.

Kabla ya zoezi lijalo, mwombeni ofisa wa zimamoto atembee na redio yake ndani ya ghala, hasa nyuma ya makontena na chini ya paa la mabati, huku mwenzake akimsikiliza kutoka langoni. Kila sauti inapokatika, pigeni alama ya rangi ukutani na muiingize kwenye ramani. Hapo ndipo mtakapohitaji mtu wa kupokea na kupeleka ujumbe, awe analipwa na yeyote yule.