Kwa mnaoanza kusoma barua za Verdi: 8bre si Agosti

Wadogo zangu, kila kundi jipya likikabidhiwa barua za Giuseppe Verdi, mtunzi wa opera wa Italia, kwa Antonio Ghislanzoni, mshairi wa opera ya Aida, makosa huwa yaleyale. Shikeni haya kabla hamjafungua jalada.

1. Penseli tu mezani. Nawa mikono, ikauke vizuri. Glavu za pamba ziacheni: vidole havihisi karatasi, na ukingo huchanika.

2. Tarehe, na hapa nitakaa. Waitaliano wa karne ya 19 walifupisha majina ya miezi kwa tarakimu: 7bre ni Septemba, 8bre Oktoba, 9bre Novemba, Xbre Desemba. Tarakimu inashika nafasi ya sauti (sette, otto, nove, yaani saba, nane, tisa kwa Kiitaliano; X ni kumi ya Kirumi). Haihesabu miezi tangu Januari. Mgeni akiona 8 anajaza "Agosti" kwenye kadi ya orodha ya barua na kusonga mbele. Jamani! Mwaka 1870 kazi ya Aida ilikwenda mbio. Tarehe 17 Agosti Verdi bado anahangaika na sehemu ya pili. Ndiyo barua anayodai parola scenica, neno linaloichonga hali jukwaani mpaka kila mtu aione. Kufika Novemba wamekwisha ingia kaburini na Aida na Radamès, wapenzi wanaozikwa hai mwishoni mwa opera. Sasa ichukue barua ya Oktoba uirudishe Agosti: Verdi ataonekana anasahihisha mistari ambayo Ghislanzoni hajaiandika. Atakuja mtu wa tasnifu adai kwamba mwisho wa opera ulipangwa kabla ya katikati yake, na ushahidi wake wote ni kadi yako.

Kwa hiyo usiiamini tarehe mpaka uipime. Tazama muhuri wa posta, kama bahasha ipo. Linganisha siku ya wiki na kalenda: 17 Agosti 1870 ilikuwa Jumatano. Kisha soma habari za dunia zilizomo ndani. Katika barua moja Verdi anataka makuhani waimbe kwamba adui amesalimu amri kwa msaada wa Mungu, na anamwelekeza mshairi kwenye telegramu ya Mfalme Wilhelm wa Prussia. Katika vita vyao na Prussia, Wafaransa walisalimu amri mjini Sedan tarehe 2 Septemba, basi barua hiyo haiwezi kutangulia siku hiyo. Tarehe yake ni 8 Septemba, na yote yanakubaliana.

3. Mizani. Verdi akitaja settenari anataka mizani 7, endecasillabi ni 11. Msihesabu kama shairi letu: irabu mbili zikikutana kati ya maneno, kwa kawaida huwa mizani moja. Katika "terra addio", a mbili zile ni pigo moja. Wengi huona mstari umezidi wakadhani mtunzi kakosea, wakaukata. Msiguse. Mistari aliyoichora chini ya maneno nayo ibaki, maana ndipo anaposisitiza.

4. Karatasi moja iliyokunjwa hutoa kurasa nne. Ifungue yote, ukague na pambizo, nyongeza hujificha huko.

5. Verdi aliweka rasimu za barua zake katika madaftari yanayoitwa copialettere, yaliyochapishwa mwaka 1913. Rasimu si barua iliyotumwa. Maneno yanaweza kutofautiana. Kwenye kadi andikeni mlichokishika: rasimu, barua yenyewe au picha yake.