Kabla ya Kali Linux, funga laini yako

Mwanafunzi wa mwaka wa kwanza anayevutiwa na usalama wa mtandao huuliza kwanza namna ya kusakinisha Kali Linux, mfumo endeshi uliojaa zana za kupima usalama wa kompyuta na mitandao. Toa kwanza simu mfukoni. Somo linaanzia hapo.

Chukua simu iliyochomolewa kwenye daladala ya kutoka Nyegezi kwenda mjini. Kioo kimefungwa kwa alama ya kidole, na mwenye simu anajipa moyo kwamba hakuna kitakachofunguka. Mwizi wala hahangaiki na kioo. Anatoa laini, anaipachika kwenye kiswaswadu, simu ndogo ya vitufe, na SMS zote za namba ile sasa zinaingia kwake. Anafungua ukurasa wa barua pepe, anabonyeza "umesahau neno la siri", na namba ya uthibitisho inamfikia yeye. Akishaishika barua pepe, zinafuata akaunti za mitandao ya kijamii, mfumo wa matokeo wa chuo na akaunti ya mkopo, kwa sababu zote hutuma kiungo cha kubadili neno la siri kwenye barua pepe hiyohiyo.

Kwa hiyo weka PIN kwenye laini yenyewe. Kwenye simu nyingi za Android utaikuta ndani ya Mipangilio, upande wa Usalama, panapohusu kufunga SIM kadi. Utaulizwa kwanza PIN iliyopo, ile iliyokuja na laini. Usiibahatishe. Ukikosea mara 3 laini inadai PUK, namba ndefu ya kuifungulia, na ukikosea PUK mara 10 laini imekufa, utalazimika kuirudisha upya. Kama kile kikadi chenye namba ulishakitupa, waulize huduma kwa wateja kabla hujagusa chochote.

Ukienda kusajili au kurudisha laini, angalia unaweka kidole mara ngapi. "Hakijasoma, weka tena" inaweza kuwa kweli, maana vidole vyenye jasho au mafuta husumbua mashine. Inaweza pia kuwa njia ya kusajili laini ya pili kwa jina lako, kisha ikatumika kutapeli watu. Ukitoka pale piga *106# uone namba zilizosajiliwa kwa kitambulisho chako cha NIDA. Ukikuta usiyoijua, rudi kwa kampuni ya simu ikafutwe siku hiyohiyo.

Sasa barua pepe. Neno la siri lenye herufi 8 ndogo tupu lina michanganyiko kama bilioni 209. Inaonekana mingi, lakini tovuti inapovuja ikiwa imehifadhi maneno ya siri kwa njia dhaifu ya zamani kama MD5, kadi moja nzuri ya michoro ya kompyuta hujaribu zaidi ya bilioni 100 kwa sekunde. Yaani hata sekunde 3 hazifiki. Urefu ndio unaookoa: unganisha maneno manne au matano yasiyohusiana, uliyoyaokota ovyo, wala si mstari wa wimbo au methali. Na lisitumike kwingine kokote. Anayepata neno lako la siri kutoka kwenye tovuti ndogo ya michezo atalijaribu kwenye barua pepe yako kabla ya kitu kingine chochote.

Kisha washa uthibitishaji wa hatua mbili, na ukiweza tumia programu ya namba za uthibitisho badala ya SMS. Inatoa tarakimu 6 zinazobadilika kila sekunde 30, na haihitaji bando. Namba zikikataliwa mara kwa mara, tazama saa ya simu: programu hukokotoa kwa kufuata muda, na saa iliyopotea kwa dakika chache inatoa namba ambazo seva haizitambui. Google itakupa pia namba 10 za akiba. Ziandike kwenye karatasi, zikae na vyeti vyako. Ukizipiga picha zikabaki kwenye simu, zitaibiwa pamoja na simu.

Msimu wa boom, fedha za mkopo za kujikimu, unapokaribia, ujumbe wa "hakiki taarifa zako upate fedha" huzagaa kwenye magrupu ya WhatsApp. Kwa hili jifunze kusoma anwani. Tazama hii:

https://olas.heslb.go.tz.fomu-mpya.com/ingia

Jicho linaona "heslb.go.tz" na kutulia. Wewe tafuta mkwaju (/) mmoja wa kwanza baada ya ile miwili ya mwanzo, simama hapo, urudi nyuma kutoka kulia: com, kisha fomu-mpya. Huyo ndiye mwenye nyumba. Vyote vilivyo kushoto kwake ameviandika mwenyewe apendavyo. Anwani ya kweli ya Bodi ya Mikopo ingeishia heslb.go.tz kabla ya mkwaju huo. Alama ya kufuli pembeni haimtetei mtu: inasema tu kwamba mazungumzo yenu yamesimbwa, hata kama unayezungumza naye ni tapeli. Ujumbe wa kitapeli ukija kwa SMS, utume kwenda 15040.

Stesheni za kuchapisha kazi zilizozunguka vyuo zinastahili uangalifu wa pekee, kwa sababu kompyuta moja hupokea flashi nyingi kwa siku. Dalili inajulikana: unafungua flashi, kila folda ina kimshale pembeni na ukubwa wa KB 1 au 2. Hayo si mafaili yako. Ni njia za mkato, na ukibofya moja, inaendesha kirusi kisha inakufungulia folda halisi ili usishtuke. Usibofye. Kwenye kompyuta yako chunguza flashi kwa antivirusi, kisha fungua dirisha la amri la Windows (Command Prompt) uandike (ikiwa flashi ni E):

attrib -h -r -s /s /d E:\*.*

Kazi zako zilikuwa zimefichwa tu, zitatokea. Futa zile njia za mkato, wala usifomati flashi kwa hofu. Hapo ndipo ripoti za utafiti hupotelea. Njia salama zaidi ni kutuma PDF kwa simu kwenda namba ya stesheni. Ukilazimika kufungua WhatsApp yako kwenye kompyuta yao, kabla hujalipa ingia kwenye Vifaa Vilivyounganishwa ndani ya WhatsApp ya simu yako, uiondoe kompyuta hiyo.

Wengi huzima masasisho ya Windows ili kuokoa bando. Tunaelewa bei ya bando, lakini kumbuka WannaCry, kirusi kilichofunga mafaili ya watu na kudai malipo: Microsoft ilitoa kiraka cha tundu la Windows tarehe 14 Machi 2017, na kirusi hicho kikaanza kulitumia tundu hilo tarehe 12 Mei mwaka huohuo. Waliochelewa karibu miezi miwili ndio walioumia. Sasisha ukiwa kwenye Wi-Fi ya chuo.

Hayo yakishakaa sawa, karibu kwenye Kali. Unahitaji kompyuta yenye RAM ya GB 8 angalau: sakinisha VirtualBox, programu inayoendesha kompyuta nyingine ndani ya kompyuta yako, ipe Kali GB 2 za RAM na GB 20 za diski, kisha tengeneza mashine ya pili iwe shabaha. Mtandao wa zote mbili uchague Host-only, unaozifungia ndani ya kompyuta yako tu. Ukiuweka kwenye Bridged, mashine hizo zinaingia kwenye mtandao wa hosteli kama kompyuta nyingine yoyote, na nmap, zana ya kupekua vifaa vilivyo kwenye mtandao, uliyoikosea anwani itakwenda kupekua simu na kompyuta za wenzako. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya Tanzania ya mwaka 2015, kifungu cha 4, inakataza kuingia kwenye mfumo wa kompyuta kinyume cha sheria, na kujifunza si ruhusa. Kabla ya kila zoezi andika ip a kwenye Kali, hakikisha anwani inaanza na 192.168.56, ambayo ndiyo kawaida ya Host-only kwenye VirtualBox, ndipo uanze zoezi.