Vitwitwi wa Wakati wa Kusi: Majibu kwa Maswali ya Wasomaji

Barua za safari hii zimetoka Watamu, Maskati, Tanga, Lindi na Kilifi, na zote zinahusu ndege wa ufuoni wanaohama. Tumezifupisha, na barua ya kwanza tumeipa nafasi kubwa kwa sababu jibu lake linasaidia kuzielewa nyingine.

Mheshimiwa Mhariri, shuleni tulifundishwa kwamba vitwitwi hutoka Ulaya mwezi wa Novemba kukimbia baridi, wakarudi kwao Aprili. Mbona Julai hii, kusi likivuma, nimewaona wengi kwenye matope ya hori ya Mida maji yalipokupwa? Wavuvi wenzangu wanasema ni wagonjwa walioachwa na wenzao. — Msomaji, Watamu

Ndugu yetu, hao si wagonjwa. Mlichofundishwa kina ukweli, ila kalenda yake imerahisishwa mno, na aliyeitunga huenda alikuwa na mbayuwayu akilini kuliko vitwitwi.

Wengi wa ndege unaowaona Mida hawazaliani katika Ulaya ya miji na mashamba. Wako wanaotaga katika nyika na milima ya Asia ya Kati, na wako wanaotaga mbali zaidi, kwenye tundra ya Siberia, yaani nyanda za kaskazini zisizo na miti ambako ardhi ya chini haiyeyuki mwaka mzima. Majira ya joto huko ni mafupi sana: theluji huondoka mwezi wa Juni, wadudu hufurika kwa wiki chache, na Agosti ikifika baridi huwa imeanza kurejea. Ndege aliyepoteza mayai yake katikati ya kipindi hicho mara nyingi hana muda wa kutaga upya, na asiye na kazi huko hana sababu ya kubaki.

Mfano mzuri ni kitwitwi mwenye mdomo uliopinda kidogo kuelekea chini, ambaye wataalamu humwita Calidris ferruginea. Huyu hutaga katika Siberia ya kaskazini, hasa rasi ya Taimyr. Dume hashiriki kulalia mayai wala kulea, kwa hiyo akishapandana na jike huanza safari ya kusini mwanzoni mwa Julai. Majike hufuata baada ya wiki kadhaa, na makinda huja mwisho kabisa, bila mzazi wa kuwaonyesha njia. Ndege wa aina hii anayeonekana pwani ya Kenya mwezi wa Agosti akiwa bado na mabaka mekundu ya kutu kifuani hakuchelewa kuondoka, ametangulia kurudi. Inafaa kulikumbuka hili, kwa kuwa kiangazi cha kaskazini, ambacho kwetu ni msimu wa kusi, kwa ndege hawa kinaisha mapema kuliko kalenda ya ukutani inavyoonyesha.

Hata hivyo, kundi kubwa uliloliona Julai huenda si la hao wanaotangulia kurudi, bali la ndege wachanga ambao hawakuondoka kabisa. Ndege aliyezaliwa Siberia mwaka jana na kufika kwetu kabla ya mwaka kwisha mara nyingi haendi popote Aprili ikifika. Hajakomaa kuzaliana, safari ni ndefu na ya hatari, na manyoya yake ya kurukia yamechakaa, hivyo hukaa hapa hapa, akila na kubadilisha manyoya, mpaka wakubwa watakaporejea. Miongoni mwa ndege wakubwa zaidi wa ufuoni, kukaa namna hii kunaweza kuendelea zaidi ya mwaka mmoja. Utawatambua kwa rangi: ni wa kijivu kilichofifia, hawana wekundu wala weusi wa manyoya ya kuzaliana.

Wingi wa hao wanaobaki hubadilika mwaka hadi mwaka, na chanzo chake kiko mahali ambapo mtu hatarajii. Huko tundra wanaishi lemingi, panya wadogo wanene ambao huongezeka sana kila baada ya miaka kadhaa, kisha wakapungua ghafla. Wakiwa wengi, mbweha wa Aktiki hushiba lemingi na kuyaacha mayai ya ndege. Wakipungua, mbweha hugeukia mayai na makinda, na msimu huo karibu hakuna kinda anayeokoka. Huko Langebaan, Afrika Kusini, wahesabuji wa ndege waliona kwamba idadi ya vitwitwi waliobaki katikati ya mwaka ilifuata mafanikio ya kuzaliana ya Siberia ya mwaka uliotangulia. Kwa maneno mengine, mtu aliyesimama kwenye matope ya Afrika aliweza kukisia hali ya panya wa Aktiki. Ukianza kuhesabu ndege wa Mida kila Julai, mahali pale pale na katika hali ile ile ya maji, utakuwa na jambo la maana la kuwaambia wataalamu.

Assalaam alaykum. Hapa Oman, ufuoni Barr al Hikman, nimemwona ndege mweupe mwenye mgongo mweusi, miguu mirefu na mdomo mnene mweusi, akikamata kaa. Binamu yangu wa Zanzibar anasema wao humwona pia. Je, ni ndege yule yule, na ni wa kwenu au wa kwetu? — Msomaji, Maskati

Waalaykum salaam. Ni yule yule, Dromas ardeola, mla kaa, na pande zote mbili zina haki naye. Katika familia yake ya kisayansi yuko peke yake. Huzaliana kwenye visiwa na fukwe za mchanga kuanzia Bahari ya Shamu na Somalia hadi Oman na Ghuba, kisha wengi huteremka kwenye pwani ya Kenya, Tanzania na Madagaska. Njia yake basi inakaribiana sana na ile ya majahazi ya zamani, ingawa yeye hakusubiri kaskazi limsukume.

Kinachomtofautisha na vitwitwi wa Siberia ni kwamba yeye hulitumia joto badala ya kulikimbia. Huzaliana kati ya Aprili na Agosti, wakati mchanga wa Uarabuni unachoma mguu wa mtu, lakini hachimbi kishimo cha juu juu kama ndege wengine wa ufuoni. Huchimba handaki na kutaga ndani yake yai moja jeupe. Joto la chini ya mchanga hukaribia lile ambalo yai linahitaji, hivyo mzazi anaweza kuliacha kwa muda akaenda kutafuta kaa. Makinda hutegemea wazazi kwa muda mrefu isivyo kawaida kwa ndege wa jamii hii. Hata baada ya kufika Afrika Mashariki huonekana wakiwafuata wakubwa na kulilia chakula.

Barr al Hikman penyewe ni mahali pa kuangaliwa kwa heshima. Hesabu za majira ya baridi zimeonyesha zaidi ya ndege nusu milioni wa ufuoni hapo, na kwa wengi wao pwani ya Oman ni kituo kwenye njia moja na pwani yetu.

Mwandishi, mwezi uliopita nilimpiga picha sululu mwenye mdomo mwembamba uliopinda. Programu ya simu ikaniambia ni ndege aliyetoweka duniani. Nimwandikie nani? — Msomaji, Tanga

Kabla ya kumwandikia yeyote, itazame tena picha. Sululu mwenye mdomo mwembamba, Numenius tenuirostris, alizaliana Siberia, na viota vyake vilivyothibitishwa vilipatikana karibu na mji wa Tara tu, mwanzoni mwa karne ya 20. Wakati wa baridi alikwenda hasa maeneo ya Bahari ya Mediterania na Afrika ya kaskazini. Mara ya mwisho kuonekana bila ubishi ilikuwa Merja Zerga, Moroko, mwaka 1995. Uwindaji na kukaushwa kwa maeneo ya majimaji ni miongoni mwa mambo yanayolaumiwa. Cha kusikitisha ni kwamba alipungua wakati watu wakiamini kwamba bado yupo tele mahali pengine.

Uliyempiga picha Tanga karibu hakika ni sululu wa kawaida, Numenius phaeopus, ambaye pwani yetu anaonekana mwaka mzima. Kichwani ana mistari miwili minene ya kahawia iliyotenganishwa na mstari mwembamba wa rangi hafifu, na akiruka hutoa mlio wa filimbi unaorudiwa mara kadhaa kwa haraka. Yule aliyetoweka hakuwa na mistari ya namna hiyo, na ubavuni alikuwa na madoa meusi yenye umbo la moyo. Programu za simu ni msaada, lakini picha ya mbali, yenye jua nyuma ya ndege, inaweza kuzidanganya kama inavyotudanganya sisi.

Kwa ndege mwingine yeyote unayemshuku kuwa adimu, andika mambo hapo hapo ufuoni, kabla hujafungua kitabu wala simu, kwa sababu kitabu kikishafunguliwa macho huanza kuona kilichochorwa. Andika tarehe, saa, mahali hasa, umbali na upande wa jua. Eleza rangi ya miguu, urefu wa mdomo ukilinganisha na kichwa, alama za mbawa na kiuno anaporuka, na sauti. Zaidi ya yote, eleza ukubwa wake ukimlinganisha na ndege unayemfahamu aliyesimama karibu naye. Ndege aliye peke yake kwenye matope makubwa hukadiriwa vibaya hata na wazoefu. Picha ziwe nyingi, hata zenye ukungu, na usizipake rangi.

Taarifa za namna hiyo hupitiwa na kamati ya wataalamu wa ndege adimu wa Afrika Mashariki, na zinazokubaliwa huchapishwa katika jarida la Scopus. Njia rahisi ya kuwafikia ni kupitia Nature Kenya, chama chenye mizizi tangu 1909. Kamati ikikataa taarifa yako haimaanishi kwamba imekuita mwongo. Maana yake ni kwamba maelezo hayakutosha kuwaondoa ndege wote wa kawaida wanaofanana naye.

Je, ni kweli ndege anaweza kuruka siku nyingi bila kula wala kutua? — Mwanafunzi, Lindi

Ni kweli. Mwaka 2022 kinda wa Limosa lapponica, ndege wa ufuoni mwenye mdomo mrefu, aliyefungwa chombo cha setilaiti, alitoka Alaska hadi Tasmania, kilomita 13,560, kwa siku 11 bila kutua. Ndege wa aina hii hunenepa sana kabla ya safari, na viungo vyake vya kumeng'enyea chakula hupungua ukubwa ili asibebe uzito usio na kazi. Aina hiyo hiyo hufika pia pwani yetu, ila wa kwetu hutoka Aktiki ya Urusi, nao wana mahali pa kupumzika njiani.

Nimemwokota kitwitwi aliyenasa kwenye nyavu, mguuni ana pete ya chuma yenye maandishi. Nifanye nini? — Msomaji, Kilifi

Akiwa hai, usiivue pete. Soma namba yote na anwani au jina la nchi lililochapwa, piga picha pande zote za pete, kisha mwachie aende. Kama amechoka, mweke kivulini ndani ya boksi lenye matundu kwa muda mfupi. Akiwa amekufa, unaweza kuichukua pete na kuihifadhi. Peleka namba, tarehe na mahali kwenye anwani iliyo kwenye pete, au kwa Nature Kenya, nao wataifikisha. Utaje pia kwamba alinaswa kwenye nyavu na kama maji yalikuwa yanajaa au yanakupwa, kwa kuwa wakati wa bamvua, maji yanapofunika matope yote, ndege hawa hulazimika kusogea kwenye mikoko na mashamba ya chumvi, na hapo ndipo hukutana zaidi na nyavu na mbwa.